Kichwa Changu Kilikuwa Chini

Furaha, mutoto yangu,

Kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama yako, hata padri. Mkono wa Muzee Ramazani, ule uliopinda kwenye kiwiko na haunyooki tena, ni mimi niliyeuvunja. Niliuvunja kwa bawa la ndege, mchana, jua likiwaka, nikiwa natembeza ndege chini kwa mwendo wa mtu anayechelewa misa. Halafu nikatia sahihi karatasi iliyosema kosa lilikuwa lake.

Leo saa sita umerudi kutoka Birere, kule sokoni, kumuaga. Umeketi mezani, ukasema, «Papa, muzee anakusalimia. Anasema we ni piloti muzuri.» Ukaendelea kula. Mimi nikaacha bugali kwenye sahani, nikasema tumbo limejaa. Haikuwa tumbo. Tangu hapo nimeketi huku nyuma, karibu na tangi la maji, na daftari lako la zamani la fizikia ambalo lilikuwa na kurasa tupu mwishoni.

Mama yako ameshakuambia yote ya blanketi, ya chakula, ya kusali, ya kutompa mtu pasipoti yako pale mpakani Bunagana isipokuwa mwenye kazi yake. Sitarudia. Hiyo ni kazi yake na anaijua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu.

Unaenda kujifunza kazi yangu. Tangu ulipoanza kusoma vitabu vya urubani chini ya neti, na tochi mdomoni, watu wa mtaa wamekuwa wakisema umerithi kwa baba. Mimi nilikuwa nacheka nao. Lakini kitabu chako cha kwanza cha ndege, kile cha Kifaransa kisichokuwa na jalada, hukukipata kwangu. Ulikinunua kwa Muzee Ramazani, juu ya bashi lake, lile turubai la buluu, pale pembeni ya barabara, katikati ya vitabu vya hesabu na Biblia za mitumba. Na ishara za mikono zinazoongoza ndege ukazijua kwake. Nakumbuka ulivyokuja kutuonyesha uani, unasimama kama yeye, mkono mmoja juu kabisa na mwingine nusu. Mama yako akauliza mbona huo mwingine haufiki. Ukasema muzee alikuambia, «Huu hauendi juu, we jua tu ungekuwa juu.» Mama yako akacheka sana. Mimi nikaingia ndani.

Siku chache baadaye uliniuliza kwa nini mtu anayejua kazi hivyo aliacha uwanja wa ndege. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikakujibu bila kugeuka, «Alikuwa mzembe.» Wewe huwa hubishani. Ulikwenda zako, na ukaendelea kununua vitabu kwake. Lakini najua ulibeba lile neno. Miaka yote hii umempenda yule muzee ukidhani unampenda mzembe. Neno hilo nililitia mimi kichwani mwako, na ni uongo.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka wa lava, mlima wa moto ulipolipuka. Wewe ulikuwa na miaka sita. Unakumbuka kidogo tu: ulivyokaa mabegani mwangu tukielekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, watu wengi, godoro kichwani mwa kila mtu, nyuma yetu anga jekundu. Tuliporudi, viatu vyangu viliyeyuka nyayo nikipita juu ya lava kwenda kutafuta uwanja. Lava ilikuwa imelala juu ya pisti, njia ile ya kurukia, imekata kipande kizima cha upande wa mlima, nyeusi, bado inatoa moshi. Ndege zilizobaki zikabanana katika nafasi ndogo. Mabawa yalikuwa karibu kugusana. Na kwa kuwa barabara za mitaa ya kule zilikuwa chini ya mawe, watu wakaanza kukatiza uwanjani kwa miguu kwenda sokoni, na mabeseni yao kichwani, kati ya ndege na ndege. Waasi waliokuwa wanatawala Goma waliwafukuza asubuhi, mchana wakawa wamechoka, watu wakapita.

Muzee Ramazani ndiye aliyetuongoza katika msongamano ule. Alikuwa na vibao viwili vya mbao alivyovifunga kitambaa chekundu yeye mwenyewe. Watu wote tulimwamini. Hakuwa anapiga kelele. Mikono yake ilitosha.

Mimi wakati huo nilikuwa naendesha ndege ya viti nane, moteri mbili, mabawa ya chini. Karibu kila siku niliruka kwenda Walikale. Barabara zilikuwa zimefungwa na vita, posta ilikufa zamani, kwa hiyo sisi marubani tulikuwa ndiyo posta. Unajua mimi si mtu wa maneno mengi. Sijui kukataa mtu aliyesimama mbele yangu. Basi watu wakanijua. Nilikuwa nawasha kwanza moteri ya kulia, ya kushoto naiacha kimya, nafungua kidirisha kilichoko upande wangu, na wanakuja mmoja mmoja wakipita nyuma ya bawa: sabuni, chumvi, dawa, barua, picha ya mtoto aliyezaliwa. «Papa Piloti, ya dada yangu, nyuma ya kanisa.» «Papa Piloti, ya muganga, mwambie nimepona.» Nachukua, nawasha moteri ya kushoto, naondoka.

Kifurushi bila jina ni kifurushi kilichopotea. Kwa hiyo nilikuwa na biki yangu imefungwa uzi kwenye kiti, na niliandika majina nikiwa natembeza ndege kwenda mwanzo wa pisti. Goti moja kifurushi, mguu mmoja usukani, kwa maana chini ndege huongozwa kwa miguu. Nilijivunia jambo hilo. Mpaka siku ile, katika vita vyote, sikuwa nimepoteza hata kifurushi kimoja. Walikale walinipikia kuku kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeniambia ni kosa, wala mimi sikulihesabu kuwa kosa, kwa sababu lilikuwa jema kwa kila mtu.

Nataka usikie hapo vizuri, Furaha, kwa maana vitabu vyako vinasema juu ya marubani wanaovurugwa na ulevi, hasira, usingizi. Mimi sikuwa na hayo. Nilikuwa mzima, nimelala vizuri, nafanya wema. Na nilikuwa chini. Hewani, mawingu ya Masisi yakija, rubani hata mvivu anafungua macho. Chini unadhani bado hujaanza kazi, au umeshaimaliza. Magurudumu yako ardhini, utaanguka wapi? Akili inatoka inakwenda kwingine, na ndege inaendelea kutembea bila wewe.

Siku hiyo ofisa mmoja wa waasi alikaa kiti cha pembeni yangu. Alikuwa na haraka. «Muzee, twende, mvua iko nakuja.» Kifurushi cha mwisho kilikuja moteri ya kulia ikinguruma. Mtu aliyevaa shati jeupe alinisukumia dawa zilizofungwa katika gazeti, akasema jina la mtu na la mtaa, mara moja tu, akaondoka. Nikalishika jina mdomoni ili lisinitoroke. Nikawasha ya kushoto. Nikaachia breki. Nikatazama mbele, pako wazi, Muzee Ramazani ananiita kwa vibao vyake nije. Nikainamisha kichwa niandike.

Si muda mrefu. Jina la mtu na jina la mtaa. Hata jina la mtu sikulimaliza.

Yaliyotokea kichwa changu kikiwa chini niliyajua baadaye, kwa kuyaunganisha. Mama mmoja alitokea nyuma ya mkia wa ndege kubwa ya mizigo, beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani, akakatiza mbele yangu upande wa kushoto. Moteri za ndege ile nazo zilikuwa zinawaka, hakunisikia. Muzee Ramazani alivikutanisha vibao juu ya kichwa: simama. Akavishikilia hivyo. Ndege ikaendelea kuja. Akavishikilia tena. Kisha akavitupa, akakimbia, akamvuta yule mama kwa kitenge, na bawa langu likamkuta yeye kwenye kiwiko.

Ofisa aliniita kwa kelele, «Muzee!» Nikakanyaga breki. Nilipoinua kichwa sombe lilikuwa limetapakaa juu ya bawa, na helisi ya kushoto, yale mapanga yanayozunguka, ilikuwa hatua mbili tu kutoka walipo. Nikazima moteri, nikashuka. Yule mama alikuwa amekaa chini anatafuta kiatu chake. Muzee Ramazani alikuwa amelala ubavu, ananitazama. Hakunitukana. Akatazama biki iliyokuwa mkononi mwangu, kwa maana nilikuwa nimeshuka nayo.

Ofisa akatafuta pikipiki, akaenda zake. Yule mama akaondoka akilia, hakuna aliyemuuliza jina. Jioni mwenye ndege akaja nyumbani, yule patron wangu wa wakati ule, ambaye aliondoka Goma baadaye na hatujui aliko. Alikuwa na karatasi imeshaandikwa. Ilisema kwamba mwongozaji alitoka mahali pake bila kutoa ishara yoyote. Akaniambia, «Wakisema ni wewe, leseni inakwenda. Ndege nayo inalala. Mimi na wewe tutakula nini, mawe?» Mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako. Ulikuwa unacheza mlangoni. Nikasoma karatasi mara mbili, kama mwanafunzi, kana kwamba nikiisoma tena itabadilika. Nikatia sahihi.

Walimpelekea muzee karatasi ile hospitalini aweke dole gumba badala ya sahihi. Alikataa. Wakaandika tu chini: amekataa. Akafukuzwa kabla plasta haijakauka.

Sikwenda kumwona. Wiki ya kwanza nilisema nangoja apone. Mwezi wa kwanza nilisema nangoja hasira zake zipoe. Baada ya mwaka nilikuwa nimekwisha kujifunza njia nyingine ya kwenda sokoni, isiyopita mbele ya vitabu vyake. Hivyo ndivyo inavyokuwa, sikuamka siku moja nikaamua kuwa mtu wa namna hiyo. Utawala ule ukaondoka, ukaja mwingine, waasi wengine wakaja wakaingia mjini wakatoka, mimi bado nazunguka kona ileile.

Nilibadilika katika kazi, hilo ni kweli. Tangu siku ile ndege yangu ikitembea, mikono haishiki kitu kisicho cha ndege. Nikiwa na jina la kuandika nasimamisha kabisa, navuta breki, naandika, naangalia kushoto na kulia, halafu ndiyo naendelea. Abiria wakinisemesha sijibu. Wengine wanasema nina kiburi. Mwaka jana nilimkuta rubani kijana anatembeza ndege huku simu iko sikioni. Nilimngoja ashuke, nikamkaripia mbele ya wapakiaji mizigo mpaka macho yake yakajaa machozi. Wapakiaji wakasema, «Papa Furaha huyo, hana mchezo.» Nilikwenda nyuma ya ndege peke yangu. Nilimsemesha kama mtu ambaye hajawahi kukosea.

Huko chuoni watakufundisha haya vizuri kuliko mimi, na maneno yake ya kitaalamu. Utapata maksi nzuri, nakujua. Kitu ambacho sidhani watakifundisha ni kwamba siku utakayokosea hutajisikia unakosea. Utakuwa unamsaidia mtu. Utakuwa na jina mdomoni. Na ukishakosea, kuna saa chache, labda siku moja, ambapo kweli bado ni nyepesi kubeba. Mimi niliiacha ipite. Sasa ina uzito wa miaka kumi na miwili na nimechoka, mutoto yangu. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hausaidii.

Sijui utanitazamaje. Hilo ndilo ninaloogopa, nikuambie wazi. Wewe ndiye mtu pekee katika mji huu anayetupenda sote wawili, mimi na yeye, na unatupenda kwa kuamini uongo wangu.

Nimeacha kuandika saa kumi. Nimekwenda Birere. Ninayoandika kuanzia hapa nayaandika nikiwa nimerudi.

Nilimkuta anafunga biashara, anakunja bashi kwa mkono mmoja na goti.

«Papa Furaha,» akasema. «Umekuja kununua kitabu?»

«Hapana, Muzee. Nimekuja ju ya mukono.»

Akaendelea kukunja. «Gani? Niko nayo mbili.»

«Ule niliouvunja.»

Akaketi juu ya sanduku la vitabu. Hakuniambia niketi. Nikamweleza, nimesimama, watu wanapita. Nikamwambia nilikuwa naandika jina. Akanisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza bei ambayo tayari anaijua.

«Mi niliona kichwa yako,» akasema. «Ilikuwa chini. Nilishika ishara mpaka nikaona utosi, nywele tu. Nikasema, huyu eko nasali ao eko nalala?»

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

«Nilisema. Kwa nani? Ulikuwa na karatasi, mi nilikuwa na plasta.»

Nikamuuliza kama alijua wewe ni mtoto wangu. Akasema alijua siku ya kwanza, una paji langu la uso. Nikamuuliza, «Sasa kwa nini ulimufundisha?»

«Alikuwa anauliza vizuri,» akasema. Kisha akanitazama. «Miaka yote unazungukia kule kwa mafundi, unafikiri sikuone. Leo umekuja ju mutoto anaenda. Angebaki, ungekuja?»

Nikamwambia, «Sijui.»

«Bon. Hiyo ni ya kweli.» Akasimama. «Sasa beba hii sanduku, twende nyumbani. Hayo maneno hauna lazima ya kuambia mimi. Mi nilikuwako.»

Nikabeba sanduku. Nyumbani kwake alimwita mkewe, Mama Aziza, aliyekuwa anachambua maharage, na mtoto wake mkubwa, Saidi, yule mjenzi, ambaye ndiyo kwanza ametoka kazini na saruji bado iko kwenye nywele. Muzee akawaambia, «Huyu iko na neno.» Akakaa pembeni akawatazama wao, si mimi.

Nikasema. Nilisema yote, na sehemu ya karatasi nilirudia kwa kuwa sauti ilishuka na Saidi akasema hajasikia. Saidi alitoka nje. Tulimsikia anatembea huko nje, anarudi, anatembea. Kisha akaingia akasema kwamba tangu akiwa shuleni, kila alipoomba kazi uwanjani, waliuliza jina la baba yake, wakacheka. Alikuwa akija nyumbani na kumgombeza baba yake.

Mama Aziza ndiye aliyeniuliza, mikono bado iko kwenye maharage: «Ulikuwa unaandika jina ya nani?»

Nikamwambia sikumbuki. Dawa zile zililala kwenye ndege siku tatu, na gazeti lilipofunguliwa lilikuwa na nusu ya neno lisilosomeka. Sikumbuki, Furaha. Nimejaribu.

Akarudi kwenye maharage yake.

Saidi akaleta karatasi. Niliandika ukurasa mmoja: kwamba Muzee Ramazani alikuwa mahali pake, kwamba alitoa ishara ya kusimama na kuishikilia, kwamba mimi sikuwa natazama, na kwamba nilichotia sahihi mwanzoni kilikuwa uongo. Nikaandika jina langu zima. Saidi akamsomea baba yake kwa sauti. Muzee akasema irudiwe, akasomewa mara ya pili. Nikaandika nakala nyingine, na Jumatatu nitaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya uwanja. Wakitaka leseni yangu wataichukua.

Hakuna aliyeniambia nimesamehewa, na mimi sikuomba. Nilitoka, nikarudi kwa miguu. Mama yako alikuwa bado anakunja nguo zako. Nikamwambia, akakaa juu ya kitanda na nguo zako mapajani. Kisha nikaja kumalizia barua hii. Naiweka juu ya sanduku lako, si ndani, ili uisome kabla gari la Bunagana halijaja, nikiwa bado niko hapa.

Papa yako